Asubuhi Nilipoita Ndege Mau Narok

Mimi ndiye mtu wa kwanza upande wetu wa Mau Narok kuita ndege shambani kama vile wengine wanavyoita bodaboda. Shule niliacha mapema, nikauza viazi vya Dundori kwa magunia hadi nikanunua lori, halafu shamba, halafu nyumba Kiamunyi. Lakini hayo ni mambo madogo. Siku watu waliniheshimu kabisa ni siku ya ndege.

Mwaka huo mvua ilikataa kwenda. Kutu ilikuwa imeingia kwenye ngano, ile ya rangi ya matofali inayokula majani, na trekta ya kunyunyizia dawa ikiingia shambani inazama hadi tumboni. Nikaita ndege. Rubani akanipa asubuhi moja tu, na akanionya: jua likipanda upepo wa Mau unaamka, dawa inapeperuka, na yeye anafunga kazi. Kesho yake ana shamba la mtu mwingine. Kipande kitakachobaki bila dawa, basi hicho nihesabu kimekufa.

Ndege ilitua mapema kwenye malisho yangu ya juu. Ilikuwa ndege ya mabawa mawili kila upande, moja juu, moja chini, yamefungwa kwa vyuma na nyaya. Nikamuuliza rubani kwa nini walioiunda hawakutosheka na moja.

"Mzee, huku juu hewa ni nyepesi, na mimi nabeba tangi zima la dawa," akasema. "Bawa likiwa moja ningehitaji barabara ndefu ya kurukia. Haya mawili yananiinua haraka, tena naweza kwenda polepole bila kuanguka."

Tangi liko mbele, kati ya injini na rubani, naye amekaa nyuma, juu, kama mtu aliyepanda ngamia. Chini ya bawa la chini kuna bomba refu lenye vitundu, na upepo wa mabawa unaisukuma dawa chini hadi ndani ya majani. Nilielewa mara moja. Vitu vya mashine huwa sielezwi mara mbili.

Shida ilikuwa moja. Mtambo wake wa kumwonyesha njia ulikuwa umezima, kwa hivyo tungetumia njia ya zamani: mtu mmoja kila mwisho wa shamba, na kitambaa cheupe. Rubani ananyoosha ndege kutoka kitambaa hadi kitambaa. Akishanyooka, unakimbia hatua kadhaa upande upepo unakotoka, unangoja mstari unaofuata. Mimi nikashika mwisho wa juu, mke wangu akachukua shuka akaenda mwisho wa chini, karibu na ua wa jirani.

Sasa, mimi nilikuwa nimetangaza ndege hiyo katika kila hoteli ya chai. Akina mama wa kanisa wakaja wote, wakajipanga ndani ya ngano ya jirani ili waone vizuri. Na kwetu mgeni akifika anapokelewa kwa vigelegele na kupungiwa vitambaa vyeupe. Mgeni huyu alikuwa amekuja kwa ndege. Unafikiri walifanya nini?

Mstari wa kwanza ulienda sawa. Wa pili, ndege ikapinda. Nikaiona inaacha ngano yangu, inaelekea kwa jirani, na dawa yangu inamwagika huko kama baraka. Ikarudi, ikamwaga tena. Nikakimbia matopeni na gambuti zangu za mpira, nikipiga kelele hadi mpakani.

Jirani alikuwa ameegemea ua, anacheka.

"Umeniibia dawa!" nikamwambia.

"Mimi? Nimesimama kwangu. Ndege ndiyo imenipenda."

Ndege ilipotua, rubani alijitetea: "Boss, mwisho wa chini niliona bendera nyingi. Nikafuata iliyopungwa kwa nguvu."

Iliyopungwa kwa nguvu ilikuwa ya mke wa jirani.

Tangi lilikuwa tupu na sehemu kubwa ya shamba langu haijaguswa. Dawa ya akiba nilikuwa nayo, maana mimi sinunui vya kutosha, nanunua vya kubaki. Lakini maji ya kuichanganya yalikuwa kwenye lori langu, na lori lilikuwa limekwama kwenye matope barabarani. Jua lilikuwa linapanda.

"Maji ninayo," jirani akasema. "Na nina punda, hao hawazami. Lakini ndege ikitoka kwako, imalizie na kipande changu kilichobaki."

Mwenye kiburi angekataa. Mimi nina akili: kutu ya kwake ingerudi kwangu tu. Nikakubali palepale, na dakika chache baadaye mikokoteni ilikuwa inapanda na mapipa, na ile ndege kubwa ikanyweshwa na punda. Hakuna mtu mwingine Mau Narok aliyewahi kupanga kazi namna hiyo.

Kule chini nilisikia mke wangu akiwapa akina mama amri.

"Kila mtu akae chini! Kitambaa mfukoni! Mkitaka kupunga, pungeni akimaliza."

"Hata kidogo, mama?" mmoja akauliza.

"Hata kidogo!"

Safari hii ilinyooka kama rula. Ndege ilimaliza kwangu, ikahamia kwa jirani, ikipita chini sana hadi masuke yanainama. Mstari wa mwisho ulipofungwa, upepo ukanipiga shavuni, na rubani akatikisa mabawa juu yetu. Hapo vitambaa vikatoka vyote, vigelegele vikapanda hadi huko kwenye mawingu.

Nilisimama mpakani na jirani, ngano imeloa pande zote mbili.

"Mwaka ujao tuiite tena," akasema.

"Mwaka ujao nanunua yangu," nikamjibu.

Mke wangu alikuwa amefika na shuka lake begani. Akaniangalia miguuni.

"Anza na kununua gambuti," akasema. "Moja umeiacha kwa matope."