Sista Kiguu na Kosa la Kusikia

Alizaliwa tarehe kumi na moja Agosti mwaka 1939, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, fundi magodoro, akiwa mtoto wa nne na binti wa kwanza. Mama yake, mshonaji wa nguo, alimlea mgongoni huku akikanyaga cherehani, kwa maana akilazwa chini, hata juu ya godoro jipya, alipiga kelele mpaka majirani wakaja. Alipojua kutembea hakukamatika tena. "Wewe mtoto umekalia siafu?" mama aliuliza kila siku, na baba alijibu kutoka karakanani, "Muache, mama watoto. Wa kulalia magodoro ninao, wa kuyapeleka kwa wateja ndio sina." Jina lake la ubatizo analijua Mungu na masista wenzake. Watu walimwita Kiguu, yaani kiguu na njia, na baadaye Sista Kiguu, na ndilo jina lililobaki.

Shuleni mdomo wake ulikuwa mwepesi na mkono wake mzito. Kiingereza alikisema bila aibu, lakini kukiandika kulimtoa jasho, na hakuwa peke yake. Shoga yake waliyekaa naye dawati moja aliandika siku moja insha kuhusu baba yake, na kwa kuwa kwetu yeye ni yeye, mwanamume kwa mwanamke, akaandika kwa Kiingereza "she" badala ya "he", ikawa baba yake ni mwanamke mwema. Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya wote. Darasa lilivunjika mbavu, na mwenye insha akacheka pamoja nao. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita. Kiguu akaenda nyumbani kwao akamkuta anasugua masufuria.

"Rudi shule basi."

"Nirudi kufanya nini? Nikisema nina akili, nikiandika sina. Ile kalamu imenivua nguo mbele za watu, Kiguu. Nenda zako, maji yanapoa."

Yule msichana hakurudi. Wengine huitwa na Mungu kwa ndoto au kwa sauti kanisani. Sista Kiguu aliitwa kwa mlio wa sufuria likisuguliwa, na alisema mwenyewe kwamba mlio ule haukumpa usingizi mtamu tena maishani mwake. Mwaka 1959 aliingia utawani. Wazazi walilia kidogo, kisha baba akamtengenezea godoro la kwenda nalo.

Utawani jaribu lake la kwanza lilikuwa magoti. Hakuweza kuyapiga akatulia. Wenzake walipozama katika sala, yeye alihama benchi, akafungua dirisha, akalifunga. Mlezi wa wanovisi, watawa wanaoanza, alimwita chumbani. "Mwanangu, huwezi kukaa mbele ya Mungu walau kidogo?" Akajibu, "Nikikaa, Mama, namwona yule msichana na masufuria yake. Natamani niinuke nikafanye kitu." Mlezi akasema, "Basi omba Mungu akuonyeshe pa kwenda, maana miguu tayari unayo." Aliweka nadhiri zake bila kutulia, na tusimpambe kwa utulivu ambao hakuwa nao.

Alitumwa kufundisha Kiingereza katika chuo cha wauguzi kilichoungana na hospitali ya shirika. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ripoti zote za wodini ziandikwe kwa Kiingereza, na atakayeshindwa mtihani wa uandishi arudi kwao. Kila mwaka mabinti waliojua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza walifunga masanduku yao kwa sababu ya sentensi. Sista Kiguu alisahihisha kwa bidii. Kurasa zilirudi zimejaa wino mwekundu kama zimechinjiwa kuku. Alikuwa mwalimu mchapakazi, ila hakuwa bado mwalimu mzuri. Aliwaonyesha walipokosea, na hakuwauliza walitaka kusema nini.

Miongoni mwao alikuwepo binti wa fundi viatu, mkimya, mwenye mikono ambayo wagonjwa waliiulizia. Kosa lake kubwa lilikuwa moja. Katika Kiswahili chetu sikio limebebeshwa kazi za mwili mzima: tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu, tunasikia maumivu. Yule binti akayahamisha yote kwa neno moja la Kiingereza, hear, ambalo kwa wenyewe ni kazi ya masikio tu. Mgonjwa wake alisikia homa kwa masikio na kichefuchefu kwa masikio. Kila mara Sista Kiguu alipiga mstari chini ya neno hilo. Kila mara binti aliutazama ule mstari, akadhani amekosea herufi.

Asubuhi moja ya Machi mwaka 1967, masista walipokuwa katika sala, Sista Kiguu alishindwa kabisa kukaa. Aliinuka, akarudi, akainuka tena. Sista wa jikoni akamvuta joho, "Wewe leo una nini? Keti!" Akasema, "Sijui. Miguu inaniwaka." Akatoka nje kabla ya baraka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na bila kujua anakokwenda akajikuta wodi ya wanawake. Haikuwa siku yake ya kupitia ripoti. Alichukua tu iliyokuwa juu ya meza, kama mtu anayetafuta cha kushika mkononi.

Ripoti ilikuwa ya binti wa fundi viatu, aliyekuwa ametoka zamu. Iliandikwa kwamba mama wa kitanda cha dirishani analia sana, na kwa Kiingereza, "she is hearing things in the stomach." Yule binti alitaka kusema kwamba mama anasikia vitu tumboni, kama mtu yeyote wa kwetu anavyomwambia muuguzi. Lakini mtu akisemwa hivyo kwa Kiingereza, maana yake anasikia yasiyokuwepo; amerukwa na akili. Daktari alikuwa mgeni, hakujua Kiswahili hata cha salamu. Alikuwa ameisoma ripoti ile, akaagiza mama achomwe sindano ya kumtuliza na apelekwe jengo la wagonjwa wa akili. Kitanda cha dirishani kilikuwa kitupu.

Sista Kiguu alikimbia. Alimkuta daktari uani, mama amelala fofofo juu ya machela, wabebaji wawili wameshika.

"Mrudisheni huyo!" alisema.

"Sista, tuna amri," mbebaji wa mbele alisema.

"Na mimi nina miguu, nitalala mbele ya machela hapa. Mrudisheni." Kisha akamgeukia daktari kwa Kiingereza, akamweleza kwamba mgonjwa hasikii sauti, ana maumivu, na kosa ni la neno. Daktari alikunja uso. Akauliza kama mtawa anamfundisha kazi. "Kazi yako siijui," alimjibu. "Sentensi hii naijua. Naisahihisha kila wiki. Mshike tumbo, kisha unifukuze."

Daktari akamshika tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao, na mama, pamoja na dawa ile ya usingizi, alipiga yowe. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alipasuliwa saa ile ile, akaishi. Wengi wanahesabu muujiza kuwa ni kupona kwake. Waliomjua Sista wanahesabu kuanzia benchi la kanisani, pale miguu ilipowaka bila sababu.

Binti wa fundi viatu aliitwa ofisini siku hiyo hiyo. Metroni, mkuu wa chuo, hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa ameogopa, na mwenye hofu hutafuta wa kumtupia lawama. "Kalamu yako ilikuwa inamuua mtu," alimwambia. "Nenda ukafunge sanduku." Binti alisimama, machozi yakidondoka kwenye viatu alivyotengenezewa na baba yake ili aje chuoni. Mlango ulifunguliwa bila kubishwa.

"Hilo kosa nimelipigia mstari mara nyingi kuliko Salamu Maria," Sista Kiguu alisema. "Hata mara moja sikumwambia kwa nini. Kama kuna wa kufukuzwa, mimi nipo hapa, na sanduku langu ni dogo, halichukui muda."

"Sista, usinichanganye."

"Sikuchanganyi, Metroni. Mpe mtihani wa mwisho wa muhula. Akishindwa, ataondoka. Mimi niadhibu sasa."

Ikawa hivyo. Binti alibakizwa mpaka mtihani. Sista alitolewa darasani kwa amri ya mkuu wa shirika, akapelekwa dobini, katika chumba cha mvuke ambamo mashuka ya hospitali nzima yalichemshwa na kupigwa pasi. Aliitii amri, lakini hakujifanya ameifurahia. Katika majuma yale alikuwa mkali kwa kila mtu, akaunguza foronya, akamwomba radhi msimamizi, akaunguza nyingine. Aliogopa kwamba amempa yule binti muda tu wa kuaibika vizuri zaidi.

Hakuna aliyemkataza kuzungumza dobini. Binti alikuja kila alipomaliza zamu, wakakunja mashuka, huyu ncha hii na yule ncha ile. "Ulitaka kusema nini?" Sista aliuliza, na hakukubali jibu la Kiingereza mpaka apate kwanza la Kiswahili. "Mgonjwa anasikia baridi." "Baridi anaisikia wapi?" "Mwilini." "Kwa Kiingereza mwili una neno lake. Harufu?" "Puani." "Pua nayo ina lake. Sisi tumemwajiri sikio peke yake, masikini, hana hata likizo. Wenzetu kila kiungo kina mfanyakazi." Binti akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Wakaanza kuja wenzake nao, kwanza mmoja mmoja, kisha kundi, mpaka msimamizi wa dobi akasema, "Kama ni chuo, basi wapige pasi." Wakapiga pasi. Mashuka ya hospitali hayajawahi kunyooka kama mwaka ule.

Mtihani ulikuja, na binti akashindwa.

Hapa wengi wa watakatifu wetu husemekana walipokea kwa amani. Sista Kiguu hakupokea. Alizunguka uani mpaka mtunza bustani akamwomba akanyage njia, asikanyage maua. Kisha akaomba karatasi ya mtihani, akaisoma amesimama, akaenda nayo kwa Metroni. "Tazama. Kusikia ameandika vizuri kila mahali. Ameangukia kwingine, kwenye nyakati za vitenzi. Huyu hajashindwa. Amehama kosa. Mtu anayehama kosa anatembea."

"Ulisema akishindwa ataondoka. Neno lako hilo."

"Ni langu. Nalirudisha." Akapiga magoti ofisini, yeye ambaye magoti yalimshinda kanisani, akakaa vile vile bila kujitikisa mpaka Metroni alipoanza kuhangaika yeye. "Inuka, Sista, watu wanapita. Inuka! Haya. Mara moja tu. Mwezi mmoja."

Mwezi huo mama wa kidole tumbo, aliyekuwa amerudi kukaguliwa kovu, alisikia habari. Akajitolea kuwa mgonjwa wa mazoezi. Alilala kwenye meza ya pasi, akalalamika kila aina ya lalamiko, na binti akaandika. "Andika vizuri, mwanangu," alimwambia, "mara ya kwanza ulinipeleka kwa vichaa." Sista Kiguu alisoma, akauliza binti alitaka kusema nini, akangoja. Siku ya mtihani wa marudio alitembea nje ya ukumbi hadi msimamizi alipotoka kumsihi akatembee mbali. Binti alipata alama za kutosha, si za kujivunia. Alibaki. Alipoambiwa, Sista aliketi kwenye kikapu cha mashuka machafu, na wote waliokuwepo wanashuhudia kwamba alikaa kimya, mikono mapajani, hajongei, kwa muda mrefu hata wakadhani anaumwa.

Alirudishwa darasani baada ya miaka minne na akafundisha hadi uzee, kila mara akizunguka katikati ya madawati, chaki mfukoni, mwalimu aliyetumia wino mwekundu kidogo kuliko wote. Alifariki tarehe mbili Juni mwaka 1998 katika hospitali ile ile, kwa moyo uliochoka. Aliyemuuguza ni binti wa fundi viatu, wakati huo Metroni mwenyewe. Maneno ya mwisho ya Sista yanayokumbukwa ni haya: "Nifungulie dirisha. Hapana, lifunge. Hapana, liache."

Kanisa halijatamka lolote juu yake, nasi tusilitangulie. Yanasimuliwa mambo. Fundi bomba mmoja, ambaye mkono ulimganda kila alipopewa karatasi ya mtihani wa ufundi, alimwomba Sista amwombee, akaandika mpaka kengele ikalia. Wapo wanafunzi wanaoweka kalamu juu ya kaburi lake. Wasikatazwe, lakini waambiwe kwamba kalamu hazijiandikii zenyewe, na kwamba marehemu angewauliza wamesoma kwa saa ngapi.

Alichokiacha kinachoshikika ni hiki. Katika hospitali ile, kwa agizo la Metroni yule binti wa fundi viatu, kila ripoti bado huandikwa kwa Kiingereza, na chini yake huandikwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kwa Kiswahili, kama alivyoyatamka. Daktari asiyeyajua humwita anayeyajua. Tangu hapo hakuna binti aliyefunga sanduku kwa ajili ya sentensi.

Basi tumuige kwa jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Mtoto anapoleta nyumbani insha yenye vichekesho, zuia kicheko. Weka kando unachopika, ukae karibu naye, umuulize alitaka kusema nini. Atasema hajui. Uliza tena. Ukiwashwa na miguu kuondoka, ujue hata Sista ilimwasha, na alikaa.