Choo cha Mkwe

Upande wa Kongwa, enzi za Wadachi, aliishi mwanamke aitwaye Zipora, mchota maji wa shule. Shule ilikuwa ya misheni, tembe ndefu ya miti na udongo, na watoto walikaa chini juu ya ngozi za ng'ombe. Maji yalitoka korongoni. Kiangazi korongo lilikuwa mchanga mtupu, naye Zipora alifukua kisima, akangoja maji yajikusanye, akateka kwa kibuyu mpaka mtungi ukajaa. Mwalimu wa shule hiyo, Nikodemo, alikuwa mkwewe. Alimwoa Loisi, binti wa Zipora, na Loisi alifariki akijifungua, akaacha mtoto wa kike, Ruthu. Zipora alimlea mtoto huyo mwenyewe. Hakuwa na mwingine duniani.

Basi ikaja amri kutoka boma: kila shule iwe na choo. Askari alifika na kiboko chake, akaonyesha mahali, na watu wakapasua ardhi iliyokauka kama kigae mpaka shimo likapatikana. Choo kimoja, basi. Mdachi hakuuliza nani atakitumia na nani, na nani angethubutu kumweleza? Kila mtu pale alijua kwamba mama mkwe na mkwewe hawaingii choo kimoja, kama wasivyokula chungu kimoja. Wamisheni waliwaachisha watu matambiko na ngoma, wakabatiza hata vikongwe, lakini hilo la mkwe hawakuligusa kwa sababu hawakujua kama lipo.

Zipora akatafuta pengine. Nchi ile ilimalizwa nyasi na ng'ombe mpaka ikawa uwanja usioficha hata kuku. Kichaka kilikuwa kimoja tu, ukingoni mwa korongo, chini ya mikuyu, nyuma ya kisima, pale maji yanayomwagika hayakauki. Alikwenda huko alfajiri kabla watu hawajatoka. Wasichana wa shule, waliochukia nzi na giza la choo, wakaiga. Na Ruthu alipita hapo hapo kila asubuhi, miguu mitupu, akimsaidia bibi yake kuteka maji.

Mtoto alianza kwa kuchoka. Kisha akaanza kula udongo. Alibandua ukuta wa tembe kwa kucha, akatafuna, na wanawake wakamtania kwamba mimba yake ina uchu mkubwa. Zipora naye alicheka, mwanzoni. Halafu akaona viganja vya mjukuu wake vimepauka na uso umeumuka, akaogopa.

Wakati huo alipita Yahaya, Mwislamu wa mjini Dodoma aliyekuwa msaidizi wa daktari wa reli. Alimfunua Ruthu kope, akatikisa kichwa.

"Hii ni safura," akamwambia Nikodemo uani. "Ni minyoo myembamba kama uzi, imeng'ang'ania tumboni inanyonya damu. Haikuingia kwa mdomo, Mwalimu. Imeingia kwa nyayo, kwenye udongo mbichi wenye kinyesi cha watu. Kuna anayejisaidia karibu na kisima?"

"Hakuna. Choo tunacho, na kila mtu anakitumia."

"Semeni tu. Mficha uchi hazai."

"Hakuna, bwana."

Nikodemo hakusema uongo. Heshima ilimtaka ageuze uso kila Zipora apitapo, naye aliugeuza miaka yote hiyo, kwa hiyo hakujua mama yule huenda wapi. Zipora aliyasikia yote akiwa nyuma ya ukuta na mtungi kichwani. Moyo ulimwambia aseme. Lakini mkwe husemeshwa kwa mbali, kwa mambo ya heshima, na neno la choo angelianzaje? Tena, mdudu apande kutoka wayo mpaka tumboni? Watu wa mjini wana maneno mengi, alijisemea, akaenda zake jikoni.

Dawa aliyoiacha Yahaya ilikuwa kali. Ruthu aliharisha mpaka akalegea, kisha akainuka, akaacha kula ukuta, akarudi kucheka na wenzake. Zipora akaona yamekwisha. Mtu angependa kumkasirikia, lakini aibu ya mkwe si mzigo wa kutua popote unapochoka.

Mvua zikanyesha, ukingo wote ukawa tope. Bibi aliendelea kwenda kichakani, na mjukuu aliendelea kukanyaga pale pale. Baada ya mavuno Ruthu alishindwa kupanda ukingo. Miguu ilivimba, pumzi zikawa fupi, na Yahaya alikuwa ameshaifuata reli mbali, upande wa Tabora. Mtoto akafa mchana, mikononi mwa bibi yake, wenzake wakiimba darasani.

Walipotoka makaburini, Zipora alikaa nyuma ya ukuta wa nyumba ya mkwewe. Nikodemo alikuwa upande wa pili, na wote wawili waliangalia chini.

"Baba," Zipora akasema, "yule wa kisimani ni mimi. Choo kilikuwa chako. Ningeingiaje?"

Nikodemo alilia bila sauti.

"Mama, ningekuchimbia kingine. Ni kazi ya siku mbili. Kwa nini hukumtuma Ruthu aje kuniambia?"

"Niliona aibu kumtuma mtoto neno kama hilo," Zipora akajibu.