Niliwaambia Akina Mama Wasicheke

Makosa ni yangu. Nikianza kwa kuzunguka nitaogopa na kuacha, kwa hiyo naanza hapo. Ndoa ya kaka yangu iliharibika kwa jambo nililowaambia akina mama wa boma letu mchana mmoja, na jambo lenyewe halikuwa tusi wala fitina. Niliwaambia wasicheke.

Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la nane, na hata kusema mbele ya watu wanne hunishinda. Karatasi hii nimeishika na kuiacha jioni nyingi. Lakini nimechoka kubeba peke yangu, na wewe unayesoma hunijui, hutanitazama usoni. Kwa mtu kama mimi hiyo ni nafuu kubwa.

Kwetu ni nje kidogo ya Bisil, njia ya Namanga. Ukame ulipomaliza ng'ombe wetu, nilikwenda Kitengela kutafuta kibarua. Nikapata katika ukumbi wa video nyuma ya soko. Nilifagia, nikapanga mabenchi, nikabadilisha kanda. Ilinifaa, kwa sababu ndani ni giza na hakuna anayekuuliza kitu. Kiingereza changu kidogo nilikiokota pale, kwenye filamu.

Kulikuwa na filamu za namna moja ambazo watu walizipenda, zile za mzungu na mtu mweusi wanaopendana. Fundi mmoja wa mawe, Mkamba anayeitwa Mutua, alikuwa hakosi benchi la mbele.

"Ngojeni," angesema, "sasa baba mtu anakuja."

Baba anakuja kweli, anagonga meza.

"Si niliwaambia? Sasa mama atalia. Halafu huyo dada atapanda ndege, stelingi abaki anaangalia mawingu."

Na dada anapanda ndege. Ukumbi mzima unacheka, mtu anamrushia Mutua ganda la njugu. Katika miaka yote niliyobadilisha kanda, sikuona hata filamu moja ambapo watu wawili kama hao wanaoana, wanafuga mbuzi, wanagombana kuhusu kuni, kisha wanazeeka pamoja. Niliamini hivyo ndivyo mambo yao yalivyo.

Sasa nikwambie kuhusu kaka yangu Lemayian. Yeye huuza mbuzi katika soko la Bisil. Siku moja alikuja pale msichana mzungu, muuguzi aliyetoka Ulaya kusaidia katika zahanati, akitaka mbuzi wa sherehe. Madalali walimzunguka kama nzi. Akachagua mbuzi mmoja mweupe, mzuri wa kutazama. Kaka akamwambia kwa Kiswahili, "Dada, wacha huyo. Huyo iko na homa."

"Wewe unajuaje?"

"Ni wangu."

Alicheka mpaka akashika kamba ya zizi. Mapenzi yao yalianzia hapo. Mama yangu alipomwona mara ya kwanza akamwita Nashipai, yaani mwenye furaha, na jina likashika hata kule zahanati.

Wazazi wake hawakufurahi. Baba yake hakumkataza, ila alisema hatatoa baraka kwa kuambiwa. Atakuja mwenyewe na mke wake baada ya mvua, aone kwa macho yake jinsi binti yake anavyoishi na watu hao. Nashipai aliihesabu safari hiyo kama mtoto anavyohesabu siku za Krismasi. Alikuwa tayari na mimba changa, na hakutaka kumzaa mjukuu ambaye babu yake hamtambui.

Kabla ya harusi alikuja bwana mmoja wa ng'ambo mwenye kamera, akaomba kutengeneza filamu kuhusu wawili hao, ionyeshwe kwenye televisheni za kwao. Kaka alisita. Nashipai ndiye aliyekubali.

"Wacha waje," alisema. "Baba ataona nyumbani kabla hajafika. Atazoea."

Bwana huyo alihitaji mtu wa kutafsiri. Kaka akaniita kutoka Kitengela.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu. Bibi arusi anapoletwa nyumbani kwa mume, hatembei haraka na hageuki nyuma. Akikaribia lango, akina mama wa boma humtokea na kumtukana. Watamwambia rudi kwenu, mume wako hana meno, hapa hakuna maziwa, umekuja kufa njaa. Mwingine atampaka kinyesi kidogo cha ng'ombe kichwani. Ni ya kumkinga na jicho baya. Anatukanwa pale nje mara moja ili balaa isikie, ipite, isimfuate ndani. Na wanapomtukana wanacheka. Kicheko ndicho kinachomwambia kwamba amepokelewa.

Nashipai alikuwa ameelezwa yote. Mama alimketisha siku nzima akamfundisha. Siku ya harusi alikuja amefungwa majani mabichi kwenye viatu, macho chini, na akina mama wakampokea kwa nguvu zao zote.

"Hii ni rangi gani? Mlimsahau ndani ya maziwa?"

"Hajaiva. Mrudisheni jikoni."

"Rudi kwenu! Mume wako ananuka mbuzi mpaka mbuzi wenyewe wanamkimbia."

Mama alicheka mpaka shuka ikamwanguka begani. Nashipai naye mabega yalikuwa yanatikisika, anajikaza asicheke, maana bibi arusi hapaswi. Akaahidiwa kondoo, zawadi ya kumkubalisha aingie, akaingia ndani. Nilitafsiri maneno yote, tusi kwa tusi.

Bwana wa kamera alikuwa amekunja uso.

"Wanacheka," aliniambia. "Watazamaji wetu wataona maneno mabaya na sura za kucheka. Hawataelewa. Waambie warudie, bila kucheka."

Ningeweza kumweleza maana ya kicheko. Kiingereza cha kusema hivyo nilikuwa nacho. Lakini alikuwa ameniwekea mkono begani mbele ya vijana wa rika langu wote, akiniita msaidizi wake, na mimi katika maisha yangu sikuwahi kuwekewa mkono na mtu wa maana. Tena, nikuambie ukweli wote, nilijua anachotaka. Nilikuwa nimeiona filamu yake mara nyingi kabla hajaitengeneza. Alikuwa anatafuta yule baba wa kugonga meza.

Nikawaendea akina mama. "Huyu bwana anaomba mrudie. Lakini msicheke."

Mama aliniangalia. "Tusicheke? Mtoto wangu, tusi bila kicheko ni laana."

"Ni picha tu, yeyo."

"Na tunamtukana nani? Mke ameshaingia."

"Tukaneni tu hapo njiani. Ni picha tu."

Wakapanga mstari. Waliangalia njia tupu, nyuso zimekauka kwa jua, wakayarudia maneno yale yale. Rudi kwenu. Hii ni rangi gani. Ndani ya nyumba Nashipai alikuwa anakunywa maziwa na mawifi zake, hakusikia lolote.

Kisha bwana yule akanigeuzia kamera mimi. Akauliza, "Na wewe, ndugu wa mume, unamkubali mwanamke huyu?"

Nilimpenda shemeji yangu. Ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa ananisubiri nimalize sentensi. Lakini mbele ya jicho la kamera nilitazama viatu vyangu mpaka akazima.

Miezi ikapita. Mvua ilipokaribia, Nashipai aliitwa kwenye simu ya duka, Bisil. Alirudi kwa miguu, polepole, mkono tumboni.

"Baba haji," alisema. "Anasema ameshaona."

Kanda ilitumwa baadaye. Mashine ilikuwa kule kazini kwangu, kwa hiyo kaka, mama na shemeji walikuja Kitengela asubuhi, kabla ya kufungua. Niliwapangusia benchi la mbele. Nikaiweka kanda kwa mkono wangu.

Nashipai alionekana anatembea peke yake, macho chini. Halafu nyuso za akina mama, kavu, moja baada ya nyingine, na maneno yao yameandikwa chini kwa lugha ya wenyewe. Halafu Nashipai tena, mabega yanatikisika, na kwa sababu uso ulikuwa umeinama ungeapa kwamba analia. Kicheko hakikuwepo hata kimoja. Njia ile tupu ilikuwa imeunganishwa na siku yake. Mwisho nilitokea mimi. Swali likaulizwa, na mimi nikainamisha kichwa, na muziki wa huzuni ukaanza.

Mama ndiye aliyesema kwanza. "Huyo ni mimi?"

Akasogea karibu na kioo.

"Mbona sicheki? Siku ile nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kicheko changu wamekipeleka wapi?"

Nashipai aligeuka kwenye benchi. "Shemeji, wewe ulikuwa pale. Nani aliwaambia wasicheke?"

Nikatazama viatu vyangu, kama kwenye filamu.

Kaka yangu si mtu wa kupiga. Alisimama tu, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Hata sasa huna mdomo." Akamshika mkewe wakatoka. Mama alibaki kidogo anaangalia kile kioo kilichozimika, kisha akawafuata.

Shemeji alijaribu. Alipiga simu kwao akaeleza desturi, akaeleza kicheko. Baba yake alimjibu kwamba mtu anayeteswa huwa anatetea wanaomtesa, na yeye ameona kwa macho yake. Utampingaje mtu aliyeona? Hatimaye shemeji alisema ataenda mwenyewe, akae nao mwezi mmoja, wamwone mzima, wamwamini, kisha arudi kujifungulia nyumbani.

Wiki aliyoondoka, ukumbini palikuwa na filamu moja ya zile. Mutua akasema, "Ngojeni, sasa atapanda ndege." Nilizima mashine. Watu walinipigia kelele, wakadai warudishiwe kiingilio, na mwenye ukumbi akanifukuza kazi jioni ile ile. Nilistahili zaidi ya hapo.

Mwezi haukuwa mmoja. Mama yake aliugua, kisha mtoto akazaliwa kule, msichana. Kaka aliomba viza akanyimwa, akaomba tena akanyimwa. Simu za Bisil zikapungua, na siku hizi hazilii. Lemayian bado anauza mbuzi. Tukikutana tunaongea kuhusu maji na malisho. Nilimwomba msamaha mbele ya wazee, akasema amenisamehe, na naamini amenisamehe. Lakini mbuzi mweupe hauzi tena wala hafugi.

Nilidhani hapo ndipo kosa langu lilipoishia. Kumbe.

Juzijuzi nimeoa mimi. Mke wangu anaitwa Mwende, Mkamba wa Kitengela, wazazi wake wana shamba la nyanya. Alikuwa na wasiwasi wa kuingia kwetu, na mimi nilimtuliza kwa yale niliyokulia nayo. Nilimwambia, "Watakutukana vibaya sana. Watasema wewe ni mfupi, watasema Wakamba wanaroga. Usiogope. Ukisikia wanacheka, ujue umefika nyumbani."

Alijiandaa. Alitembea polepole, macho chini, majani kwenye viatu. Nilimwona anauma mdomo asije akacheka kabla ya wakati.

Akina mama walitoka, wakasimama mstari. Kimya. Upande mmoja alikuwepo mpiga picha tuliyemleta kutoka Kitengela, kijana wa watu tu, na kamera yake shingoni. Mama alimtazama yule kijana, akanitazama mimi. Kisha akamwendea Mwende, akampa mkono kama anavyowapa wageni wa kanisa, akasema, "Karibu. Pita ndani."

Hakuna tusi, hakuna kinyesi cha ng'ombe, hakuna kondoo aliyeahidiwa. Mwende alibaki amesimama, anangoja. Alipoona hakuna kingine kinachokuja alinisogelea akaninong'oneza, "Kwani hawajanitaka?"

Usiku nilimuuliza mama. Alikuwa anapuliza moto, hakugeuka. "Nilimtukana mke wa Lemayian kwa mapenzi, ukanitolea mapenzi yangu ukabakisha tusi. Huyu wako nampenda. Sitamtukana."

Wewe unayesoma, huenda siku moja mtu atakuja kwenu na kamera, awe wa ng'ambo au wa Nairobi. Mkaribishe, mpe chai. Lakini akikuomba uondoe kitu kimoja kidogo ili watu wa kwao waelewe, kwanza muulize anakipeleka wapi. Na kama unajua jinsi ya kueleza, eleza, hata kama sauti inatetemeka. Huu woga wangu wa kusema niliuita upole miaka yote. Haukuwa upole.

Mwende bado ananiuliza mara kwa mara kama mama anamchukia. Namwambia hapana. Ananiangalia usoni kutafuta kama nasema kweli, na mimi najitahidi nisiangalie chini.