Godoro Ndani ya Minibasi

Jumamosi nilikuwa sokoni Nyamitaba nikingoja maziwa, jirani yangu akasimamisha minibasi yake. Ameiwekea kitanda, jiko la gazi na mapazia, ili yeye na mke wake wawe wanalala milimani kwa raha zao. Akafungua mlango wa nyuma, akaanza kukung'uta godoro.

Mama muuza maziwa alipoliona, akaweka chini bidoni ya maziwa.

"Papa, vita imefika wapi?"

"Hapana vita, Mama. Tunaenda kutembea tu."

"Na kitanda iko ya nini?"

Hakungoja jibu. Alifunga mtoto mgongoni, akaondoka mbio, na soko lote nyuma yake. Msitucheke: huku kwetu godoro hupanda gari siku ya kukimbia tu.

Jirani yangu, kuona watu wanakimbia, akawasha gari, akatupita sisi wote.