Masufuria Yaliyokwama kwa Mama

Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ikipikwa kwa mawese hunirudisha mara moja kwenye korido ya jengo letu la mtaa wa Evere, huku ughaibuni, majira ya baridi nilipokuwa na miaka tisa. Mama, aliyekuwa akisafisha ofisi karibu na kituo cha treni cha Schuman, aliteleza kwenye barafu akavunjika mguu. Tulikuwa sisi wawili tu, na mimi hata yai nilikuwa naliunguza. Basi majirani wakaanza kutuletea chakula: Maman Béa wa Lubumbashi sombe, Mama Zaituni wa Bujumbura maharage yaliyochanganywa na ndizi. Wallahi, nilikula mpaka nikasahau kumhurumia mama!

Shida ikawa masufuria. Kwetu Katanga humrudishii jirani chombo kitupu. Unatia chochote, hata nyanya mbili. Mama hakuwa na cha kutia, na aibu ikamkaba. Aliniamuru niyasugue na kuyapanga chini ya dirisha, nayo yakazidi kuongezeka. Mwishowe akanikataza kabisa kufungua mlango. Wakibisha, tulijifanya hatupo, harufu ikipenya chini ya mlango. Nilimkasirikia, jamani! Nilitafuna mkate mkavu huku nikiogopa kwamba watatuchoka na hawatarudi tena.

Jumamosi moja Maman Béa aligonga mpaka mlango ukatikisika. "Maman Odile, fungua! Sufuria zangu zote ziko kwako. Donc, basi, leo napikia hapa!" Sikungoja ruhusa, nikafungua. Nyuma yake alisimama Mama Zaituni na mfuko wa vitunguu. Mama akafunika uso kwa mikono. "Sina na kintu ya kutia ndani," akasema. Maman Béa akaangua kicheko. "Na ni nani alikuomba kintu? Weye pona kwanza!" Wakayachukua masufuria yao pale chini ya dirisha, wakawasha jiko letu. Mama alilia, kisha akadai kisu, akamenya vitunguu mguu wake ukiwa juu ya kiti.

Siku hizi naishi Jette, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, katika jengo ambalo watu husalimiana kwa kutikisa kichwa tu. Ghorofa ya juu kuna msichana kutoka Goma, amejifungua majuzi na hana ndugu hapa. Sufuria langu kubwa liko kwake tangu wiki iliyopita, na jana nilimsikia ndani lakini hakunifungulia. Mwanangu akaniuliza mbona sijakasirika. Nikampa vitunguu abebe, tukapanda ngazi.

"Fungua, mdogo wangu," nikasema mlangoni. "Nyumbani sina sufuria."