Mikono Yenye Salfa

Watu wakiniuliza chambo gani kinafaa kwa kambare, huwa nawajibu kwa ukali kidogo, kwa sababu swali lenyewe linanichoma. Nyungunyungu wanafaa. Utumbo wa kuku unafaa zaidi, ukiachwa juani nusu siku mpaka uanze kunuka. Kipande cha sabuni ya mche nacho kinafaa, na asiyeamini akajaribu. Ila kabla ya chambo kuna mikono inayokifunga kwenye ndoana, na hapo ndipo nilipoharibu maisha yangu.

Mto Mbwemkuru hukatika kiangazi. Maji hubaki kwenye mabwawa, na bwawa la karibu na kwetu ni pana kiasi kwamba mtu aliye ng'ambo humtambui sura. Hatuvui kwa kukaa ukingoni, maana mamba nao wanakaa ukingoni. Tunaingia na mtumbwi na kukokota mshipi nyuma. Mmoja anapiga kafi, mwingine anashika mshipi uliofungwa nati ya baiskeli ya kuuzamisha, na chambo kinapita chini karibu na tope. Ukienda haraka, chambo kinapanda juu na kuzunguka ovyo. Ukienda taratibu mno, kinanasa kwenye magugu. Anayeshika mshipi ndiye anayesifiwa, lakini kazi yenyewe iko kwenye kafi.

Kafi lilikuwa la mke wangu. Alikuwa akivuma wimbo puani, nami kwa wimbo huo nilijua mwendo hautabadilika. Kambare akigusa chambo, aliacha kuvuma kabla sijamwambia lolote. Sijui alijuaje. Miaka sita tulivua hivyo, na katika miaka hiyo mimba mbili zilitoka. Dada zangu wakaanza kunong'ona kwamba ana mkosi. Mimi nilikataa. Nilikwenda kwa dada zangu nikagomba mpaka majirani wakatoka nje, na nadhani ni kwa sababu hiyo alikuwa akiniamini kuliko ndugu zake.

Halafu ukaja ule msimu wa kupulizia mikorosho. Asubuhi nilikuwa shambani na mashine ya salfa, ile dawa ya unga ya ukungu, mgongoni, jioni tunaingia bwawani. Wakati huo kijiji kizima kinanuka salfa, hakuna anayeisikia tena. Nilinawa maji matupu, nikashika nyungunyungu, nikatupa mshipi. Siku ya kwanza hatukupata kitu. Ya pili hatukupata kitu. Siku ya tatu nilibadilisha nikaweka utumbo wa kuku, nikabadilisha nati, nikamwambia mke wangu apunguze mwendo, kisha aongeze. Alipunguza, akaongeza, wala hakulalamika.

Siku ya nne tulirudi ukingoni mikono mitupu. Kinamama walikuwa wanafua, na wanunuzi wa samaki walikuwa wamekaa na ndoo zao. Jirani yangu mmoja akanitania, "Vipi shemeji, kambare wamehama?" Watu wakacheka. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na aibu, na hasira yangu siku zote iko karibu. Nikasema kwa sauti, "Nikipanda mtumbwi mmoja na mwenye mkosi, samaki watatoka wapi?"

Mke wangu alikuwa ameinama anafunga mtumbwi. Alimaliza kufunga. Akalilaza kafi ndani, akapita katikati ya wale kinamama akaenda zake. Nilipofika nyumbani alikuwa amekunja nguo zake. Kesho yake asubuhi alipanda pikipiki akarudi kwao Nachingwea, nami nilisimama mlangoni nikijifanya natengeneza bawaba.

Niliendelea kuvua peke yangu, mshipi nimeufunga kwenye kidole gumba cha mguu ili nishike kafi. Sikupata kitu. Siku moja niliishiwa nyungunyungu, nikachukua sabuni ya mche. Nikiwa katikati ya bwawa niliikata kwa kisu, ikaniteleza mara mbili tatu kwenye maji ya ndani ya mtumbwi, nikaisugua viganjani nikiitafutia umbo la kukaa kwenye ndoana. Haikupita muda mrefu mguu wangu ukavutwa. Nilimtoa kambare mnene, nikamkata kipande cha tumbo, nikakitumia kama chambo. Akaja mwingine. Hapo nikanusa viganja, vinanuka sabuni tu, kisha nikanusa shati nililotoka nalo shambani, linanuka salfa. Nililia ndani ya mtumbwi, mtu mzima na ndevu zangu.

Niliwabanika wale kambare, nikaenda nao Nachingwea. Mjomba wake alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye mkeka. Nilieleza yote, habari ya salfa, habari ya sabuni, na nikasema mkosi ulikuwa kwenye mikono yangu. Nikaomba nirudishiwe mke wangu. Mjomba akasema, "Tumekusikia, mkwe. Mwenyewe atakujibu."

Chakula kilipoiva alikuja mke wangu mwenyewe na jagi na beseni, akapiga magoti kuninawisha. Nilitandaza mikono. Akamimina taratibu, kwa mwendo ule ule wake, huku anaitazama mikono yangu.

"Siku ile ya mwisho, tulipogeuza mtumbwi kurudi, upepo uliniletea harufu ya salfa," alisema. "Nikajua ni mikono yako. Nikasema nitamwambia mume wangu tukifika nyumbani, watu wasije wakamcheka pale ukingoni."

Nikasema, "Nisamehe, mke wangu."

"Nimeshakusamehe. Ila kurudi sirudi. Wakisema wengine, nilikuwa na wewe. Uliposema wewe, nikabaki na nani?"

Maji yalikwisha kwenye jagi. Akanipa taulo, akasukuma sahani mbele yangu, na juu ya ugali alikuwa ameweka kipande kikubwa cha kambare wangu.

"Kula," akasema, "kinapoa."

Nikala.