Karatasi za Mutie na Tangi la Kanisa

Nianze na la petikoti, kwa kuwa ndilo lililosafiri mbali zaidi. Nasikia limefika hadi mtaa wa Fedha, na huko limeongezewa mifupa na damu ya kuku. Petikoti mbili za nailoni zilizoonekana kwenye kamba yetu hapa Mowlem, zikiwa na madoa ya kijani, hazikuwa za jirani yangu Khavere, wala hazikuibwa ili kumroga mtu. Zilikuwa zangu. Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na minne na sikutarajia kwamba siku moja ningelazimika kuandika sentensi hiyo, lakini majirani wamejitahidi sana kunifundisha unyenyekevu.

Marehemu mume wangu, Titus Mutie, hakuwa mchawi. Alikuwa mtaalamu wa mimea. Ninaelewa kwamba tofauti hiyo ni ngumu kwa watu ambao kitabu cha mwisho walichofungua kilikuwa cha nyimbo, nao walikifungua kwa sababu wenzao walikuwa wamesimama. Mimea aliyoishughulikia ni mwani, ule utando wa kijani unaoota majini na kukuangusha bafuni. Wengine huusugua kwa brashi. Mutie aliukusanya.

Chuo kikuu kilimpa shahada. Ofisi ikampa kazi ya kupima maji ya mabwawa kwa miaka ishirini na miwili, na mwaka wa 1993 ofisi hiyo hiyo ikampa barua ya kupunguza wafanyakazi, pamoja na saa ya ukutani isiyo na betri. Wenzake waliopunguzwa walifungua vibanda na bucha. Mume wangu alinunua buti za mpira.

Kila asubuhi alitoka na mfuko wa chupa za jemu. Alikwenda kwenye timbo, mashimo yalikochimbwa mawe, zilizojaa maji ya mvua, kwenye mitaro ya Pumwani, na chini ya kila mfereji uliovuja, na katika mitaa yetu, namshukuru Mungu, hiyo haikuwa kazi ya kutafuta. Vijana wa kona walimngojea.

"Niaje, Prof. Leo umeshika ngapi?"

"Tisa."

"Tisa na hakuna hata samaki mmoja?"

"Nimeshika chakula cha samaki."

"Basi tuwekee chumvi, Prof, tutakula na ugali."

Alicheka pamoja nao. Mimi, niliyekuwa nikitembea hatua kumi nyuma yake kwa sababu za heshima, sikucheka.

Nyumbani aliumwaga mwani katika sinia ya maji. Aliteremsha karatasi nzito chini yake, akazitenganisha nyuzi kwa sindano na unyoya wa kuku, kisha akaiinua karatasi taratibu, maji yakachuruzika na ule uzi wa kijani ukabaki umelala ulivyokuwa majini. Hakutumia gundi. Mwani hujibandika wenyewe kwa ute wake. Juu yake aliweka kitambaa, juu ya kitambaa gazeti, juu ya gazeti mawe ya kusagia ya mama yake. Kitambaa cha pamba kilinata na kung'oa kila kitu, nailoni haikunata. Ndiyo historia nzima ya petikoti. Samahani kama mlitegemea jini.

Magazeti aliyabadilisha kila siku, kwa hiyo alikuwa adui wa mwenye bucha, kwa kuwa wote wawili waliomba magazeti makuukuu katika nyumba zilezile. Karatasi zilipokauka alizipanga katika katoni chini ya kitanda chetu. Alipofariki zilikuwa mia sita na kumi na moja. Nililala juu ya karatasi hizo miaka mitano na sikuota mkia.

Sasa tangi. Mwishoni mwa 1997 mvua ilinyesha hadi watu wakasahau walikuwa wakiiombea. Vyoo vilifurika, mifereji ya bomba ikakauka, jambo ambalo mji wetu pekee unaweza kulifanya kwa wakati mmoja, na mtaa ukaanza kuchota maji katika tangi la kanisa. Mutie aliona utando mweusi wa kijani mdomoni mwa tangi na akataka kuuchukua. Alikuwa na desturi moja: hakuchukua hata tone mahali pa mtu bila mwenyewe kutia sahihi pembeni mwa karatasi kwamba ameruhusu. Mwangalizi wa tangi alikuwa Shemasi Phares. Akatia sahihi, tena kwa madaha, kama mtu anayefungua barabara.

Siku ya tatu mume wangu alikuwa amekwisha kuutambua. Ni aina inayostawi palipo na kinyesi. Baada ya ibada akamwita Shemasi kando na kumwomba afunge tangi.

"Bwana Mutie," Phares akasema, "tangi hili lilibarikiwa na askofu."

Bila shaka. Ila kinyesi hakikuhudhuria ibada hiyo.

Mimi nami nina sehemu yangu, na nitaisema kabla hamjaisema nyinyi. Nilimwambia Mutie aachane na tangi la watu. Nilimwambia tumekaa vizuri na kanisa miaka kumi na tisa. Akaenda kuchemsha maji yetu. Wiki iliyofuata nusu ya kwaya ilikuwa inaharisha, na Shemasi Phares akakumbuka, mbele ya akina mama wote, kwamba Mutie alionekana kwenye tangi akiwa na chupa. Alionekana akitoa. Mtaa uliamua alikuwa akitia. Kuanzia hapo hatukusalimiwa, na kiti chetu kanisani kilikuwa na nafasi ya kutosha kulaza ng'ombe.

Mutie alifariki mwezi wa tano mwaka wa 1998, kwa ugonjwa wa moyo, kitandani, kama Mkristo. Ibada ya kumuaga ilipangwa Alhamisi kabla ya safari ya kumzika kwao Mwala. Jumanne wakaja Shemasi Phares na Khavere, wakakalia vitambaa vyangu vya kufuma.

"Mama Ndinda, pole sana."

"Asante, Shemasi."

"Kuna jambo dogo. Zile karatasi. Washirika wanaogopa. Tuzichome hapa uani kesho, tuombe, halafu marehemu aingie kanisani bila maneno."

"Na zisipochomwa?"

Khavere ndiye aliyejibu, akikoroga chai yangu. "Mwalimu, mtu anaweza kuombewa hata kando ya barabara. Mungu yuko kila mahali."

Nilijua walichokuwa wakinipa. Jeneza likigeuzwa mlangoni mwa kanisa, wanangu na wajukuu wataitwa ukoo wa mchawi hadi mwisho wa dunia. Nikizichoma, nitakuwa nimekiri kwa mkono wangu kwamba palikuwa na cha kuchoma. Niliwaongezea chai, nikaenda chumbani, nikapiga magoti kando ya kitanda. Khavere alisema baadaye kwamba nilikuwa nikiomba. Nilikuwa nikivuta katoni ya Desemba.

Nilirudi na karatasi moja. "Shemasi, macho yangu yamechoka kwa kulia. Nisomee."

Akasoma, maana wasomi wachache hukataa kusomea watu. "Tangi la kanisa. Tarehe mbili Desemba, 1997. Aina hii hukua penye maji taka. Wachemshe, au lifungwe. Nimeruhusu kuchukuliwa..."

Khavere akainama juu ya bega lake. "Si hii ni sahihi yako? Hii yenye mkia?"

"Ni... inafanana."

"Kwa hivyo ulimruhusu? Na watoto wangu walilala hospitali siku nne?"

"Dada Khavere, hayo tutazungumza nje."

"Tutazungumza hapa. Mwalimu ana chai."

Alhamisi mume wangu aliingia kanisani kwa mlango wa mbele, akiimbiwa na kwaya nzima, walioharisha na wasioharisha. Shemasi Phares alimwita mwanasayansi mcha Mungu, mara mbili. Mwezi uliofuata tangi lilibomolewa, nasikia kwa ajili ya kupendezesha uwanja.

Mtaa sasa hauulizi tena juu ya uchawi. Unauliza karatasi ile iko wapi, kama ningali nayo, na kama ni kweli Shemasi amekuja kuiomba. Amekuja mara tatu. Mara ya tatu alileta mkate. Nilichomjibu ni changu na chake, na mahali ilipo karatasi sitamwambia mtu. Msiniulize tena.